Kishikwambi au Kindle? Jinsi ya kuchagua kifaa cha kusomea vitabu vyenye picha nyingi

Riwaya haina usumbufu. Maneno yake yanakaa kwenye kioo chochote, hata cha simu, na msomaji akiona herufi ni ndogo anazikuza, maisha yanaendelea. Kitabu cha kutambulia ndege, atlasi ya anatomia, mwongozo wa magonjwa ya kahawa au ramani ya miamba ni habari nyingine. Hapo ukurasa wenyewe ndio somo: picha imekaa mkabala na maelezo yake, mshale unaonyesha kiungo, jedwali lina safu kumi. Ukikiweka kwenye kifaa kisichokifaa, utakuwa umelipia kitabu na kifaa, na bado utaendelea kuazima nakala ya karatasi.

Mwongozo huu ni wa wanaonunua Arusha na Moshi: mwongozaji watalii anayetaka vitabu vyake vyote ndani ya gari, mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, mwanafunzi wa udaktari pale KCMC, bwana shamba anayezunguka kwenye mibuni. Kwa kishikwambi tunamaanisha kifaa chenye kioo cha mwanga kama cha simu: iPad, Samsung Galaxy Tab na wenzao. Kwa kifaa cha wino tunamaanisha kile ambacho kioo chake kinafanana na karatasi: Kindle, Kobo, PocketBook, Boox. Wengi huingia dukani kwanza, wakishanunua ndipo wanaanza kutafuta vitabu vya kukitosha. Hapa dukani ni hatua ya saba.

1. Anza na vitabu vitatu

Chagua vitabu vitatu utakavyovifungua kila wiki, si vile unavyotamani tu kuwa navyo. Kwa kila kimoja andika ukubwa wa ukurasa na aina ya faili.

Ukubwa: kama kitabu cha karatasi unacho, au kipo maktaba ya mkoa, kipime kwa rula. Kama ni PDF, ifungue kwa Adobe Reader kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl pamoja na D, na vipimo vya ukurasa vitaonekana. A4 ni milimita 210 kwa 297. A5 ni 148 kwa 210, na vitabu vingi vya kubeba porini vya ndege na mimea viko karibu na hapo. Vitabu vya kiada vya tiba na sayansi mara nyingi vinakaribia A4.

Aina ya faili: PDF ni ukurasa uliogandishwa, kila kitu kimekaa mahali pake. EPUB ya kawaida hutiririka, yaani ukikuza herufi mistari inajipanga upya. Ipo pia EPUB iliyogandishwa kama PDF, nayo hutumika sana kwa vitabu vya picha. Kuzitofautisha hakuna ugumu. Fungua kitabu kwenye simu, ubadilishe ukubwa wa herufi. Herufi zikikua na kurasa zikaongezeka, kinatiririka. Kitufe cha herufi kikiwa hakipo au hakifanyi kazi, kimegandishwa.

Usidhani kinachotiririka ndicho salama. Kitabu cha picha kikitiririshwa, picha huachana na maelezo yake. Maneno ya chini ya picha yanaangukia ukurasa unaofuata. Ukurasa wa ndege kumi na wawili, uliokuwa mkabala na majina yao, unabaki pekee. Ukiona namba 7 kwenye picha inabidi urudi nyuma kurasa tatu kujua ni nani. Jedwali pana hugeuzwa picha ndogo, na vifaa vingine vinagoma hata kuikuza. Kwa vitabu vya namna hii kilichogandishwa ni bora, mradi kioo kitoshe.

2. Pima kwa fotokopi

Jaribio hili lina faida kuliko mengine yote, na linafanyika kwenye steshenari yoyote mjini. Chukua ukurasa mgumu kuliko wote kwenye kitabu chako: ramani, jedwali, au mchoro wenye maandishi madogo. Mwambie mhudumu atoe kopi iliyopunguzwa kwa asilimia inayolingana na kioo unachokifikiria. Kwa ukurasa wa A4, asilimia ni hizi:

- kifaa cha wino cha inchi 6: asilimia 41
- kifaa cha wino cha inchi 7: asilimia 48
- kishikwambi cha inchi 8.7: asilimia 54
- kifaa cha wino cha inchi 10.3: asilimia 70
- kishikwambi cha Android cha inchi 11: asilimia 70
- iPad ya kawaida, karibu inchi 10.9: asilimia 75
- iPad ya inchi 13: asilimia 88

Mashine ikigoma kushuka chini ya 50, toa kopi ya 70, kisha kopi hiyo itolewe tena kwa 70, utapata 49.

Shika kopi umbali wa sentimita 35 hadi 40 na usome maandishi madogo kabisa yaliyomo. Usihukumu ung'avu, maana fotokopi huuharibu. Unapima ukubwa tu. Herufi za pointi 10 zikipunguzwa kwa 70 zinabaki pointi 7, na macho mazima yanazisoma bila taabu. Zikipunguzwa kwa 48 zinabaki chini ya pointi 5, na hata kioo kiwe kikali namna gani utakuwa unakunja uso.

Muuzaji atakuambia, "Si utakuza kwa vidole?" Kukuza kunafaa kwa picha moja unayotaka kuichunguza. Kusoma kurasa 300 kwa kukuza, kusukuma kushoto, kusukuma kulia na kurudisha ni adhabu. Kwenye kifaa cha wino adhabu ni mara mbili, kwa kuwa kila msukumo kioo kinajichora upya.

Angalia tena hiyo orodha. Inchi 10.3 na inchi 11 zimetoa jibu moja, na sababu ni umbo. Inchi hupimwa kona hadi kona, kwa hiyo kioo chembamba kirefu huonekana kikubwa kwenye tangazo. Kishikwambi cha Android cha inchi 11 kwa kawaida kina upana wa milimita 148 na urefu wa 237; ukurasa wa A4 unajaza upana, kisha nafasi inabaki juu na chini. Cha wino cha inchi 10.3 kina takribani 157 kwa 209. Ukurasa unajaza urefu, nafasi inabaki pembeni.

Tofauti yao inajitokeza ukikata pembezoni, jambo ambalo programu nyingi za kusomea zinaweza. Tuseme ukurasa wa A4 una nafasi tupu ya sentimita 2 kila upande. Ukiikata, kishikwambi cha inchi 11 kinapanda kutoka asilimia 70 hadi 87, na cha wino cha inchi 10.3 kinafika 81. Kwa kitabu chenye picha zinazofika hadi ukingo wa karatasi hupati nyongeza hiyo, hivyo pima pembezoni kabla ya kuihesabia.

Kitabu cha ukubwa wa A5 kina hesabu nyepesi zaidi. Kwenye inchi 10.3 au 11 kinaonekana kwa ukubwa wake halisi, kwenye inchi 8.7 kinapungua hadi 76, kwenye inchi 7 hadi 68. Kwa hiyo kitabu cha mfukoni cha ndege kinasomeka kwenye kifaa kidogo ambacho atlasi ya anatomia haisomeki kabisa.

3. Rangi ina kazi au ni pambo?

Piga picha ukurasa kwa simu, kisha ugeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe kwenye sehemu ya kuhariri. Jiulize swali ambalo kitabu kilikusudiwa kulijibu. Kama bado unapata jibu, rangi ni pambo.

Majibu yake hayatabiriki. Kwezi mwenye mkanda mweupe kifuani, yule anayezurura kwenye meza za kambi, utamtofautisha na kwezi wa Hildebrandt hata bila rangi, kwa kuwa mkanda ule unabaki mweupe. Chole mwenye kifua cha zambarau na chole mhamiaji kutoka Ulaya, mwenye kifua cha bluu, ni kesi nyingine: wakiwa wametua na mikia haionekani vizuri, kwenye kijivu watafanana. Michoro ya anatomia inategemea nyekundu kwa ateri, bluu kwa vena na njano kwa neva, na nyekundu na bluu zenye uzito sawa zikigeuzwa kijivu huwa kitu kimoja. Unga wa rangi ya chungwa wa kutu ya majani ya kahawa unapotea juu ya jani la kijani. Madoa meusi yaliyobonyea ya ugonjwa wa chulebuni kwenye tunda bichi la kahawa yanabaki kuonekana. Ramani ya miamba bila rangi ni mistari tu.

Kama rangi ina kazi, usikimbilie kifaa cha wino cha rangi kabla ya kujua kinavyofanya kazi. Vilivyo vingi sokoni vinatumia kioo cha Kaleido 3: kioo cha kawaida cha nyeusi na nyeupe kilichowekewa kichujio cha rangi juu yake. Maandishi meusi yanapata pikseli 300 kwa inchi, lakini rangi zinapata 150 tu, na jumla ya rangi zake ni 4,096. Kishikwambi kinaonyesha zaidi ya milioni 16. Kichujio hicho pia hula mwanga, ndiyo maana karatasi ya kioo cha rangi inaonekana ya kijivu zaidi kuliko ya kile cha kawaida, na ndani ya nyumba utalazimika kuwasha taa yake karibu muda wote.

Kwa vitendo, michoro, grafu, ramani za rangi bapa na mistari iliyopigwa rangi hutoka vizuri. Picha za kamera za msituni, zenye vivuli na kijani cha aina ishirini, hutoka zimefifia kama gazeti lililoachwa juani. Kwa atlasi ya michoro tunaweza kukivumilia. Kwa kitabu cha picha za kamera hatukipendekezi.

4. Utasomea wapi?

Juani, kifaa cha wino hakina mpinzani. Kioo chake hurudisha mwanga kama karatasi, na jua likizidi ndivyo kinavyosomeka. Kishikwambi kinashindana na jua kwa taa yake, na taa yenyewe si kubwa: iPad ya kawaida ina ung'avu wa niti 500, vishikwambi vya bei nafuu viko chini ya hapo. Ndani ya gari lenye paa lililofunguliwa saa saba mchana Tarangire utaona uso wako mwenyewe kabla ya kumwona ndege. Protekta isiyong'aa inapunguza kuakisi, lakini inakula ukali wa maandishi madogo. Kwa kioo chenye pikseli chache hilo ni pigo.

Joto nalo. Apple inataka iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35 na isihifadhiwe kwenye zaidi ya 45. Gari lililofungwa juani linavuka hapo bila shida, na kishikwambi kilichoachwa kwenye dashibodi kitazima au kukataa chaji hadi kipoe. Fanya hivyo mara nyingi na betri inaanza kuvimba.

Mlimani ni kinyume chake. Kwenye kambi za juu za Kilimanjaro usiku hushuka chini ya sifuri, betri za lithiamu hupoteza nguvu na kioo cha wino hubadilisha ukurasa kwa uvivu. Weka kifaa ndani ya mfuko wa kulalia, na usikichaji kikiwa na baridi kali, kwani kuchaji chini ya nyuzi 0 kunaiumiza betri moja kwa moja.

Umeme: kifaa cha wino hutumia nguvu hasa kinapobadilisha ukurasa na kwa taa yake, kwa hiyo kinakaa siku nyingi. Zile wiki kadhaa za kwenye boksi zinahesabu nusu saa ya kusoma kwa siku. Anayesoma PDF nzito saa tatu kila siku atakichaji mapema zaidi. Kishikwambi hesabu siku moja.

5. Chagua kundi, kisha modeli

Kama vitabu vyako viwili kati ya vitatu ni vya A4 na rangi ina kazi, nunua kishikwambi cha inchi 10.9 au 11. Hili ndilo jibu la wasomaji wengi wa vitabu vya picha, hata wale waliokuja na ndoto ya Kindle. Samsung Galaxy Tab A9+ ni kiwango cha chini tunachokikubali: inchi 11, pikseli 1920 kwa 1200, sawa na takribani 206 kwa inchi, na ina nafasi ya memori kadi. Chukua yenye RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 128 ukiweza. Ile ya GB 4 inafungua PDF ya picha nzito, lakini ukirudi nyuma kurasa kadhaa inaanza kupakia upya. iPad ya 2025 yenye GB 128 ina pikseli 264 kwa inchi na umbo linaloukaribia sana ukurasa wa A4, ila haina nafasi ya kadi. Mwanafunzi wa anatomia anayemudu aende huko.

Kishikwambi cha inchi 8.7 kama Galaxy Tab A9 kina pikseli 1340 kwa 800, karibu 179 kwa inchi. Kwa kitabu cha ndege cha A5 kinatosha na kinaingia mfuko wa koti. Kwa jedwali la A4 hapana.

Kama vitabu vyako ni vya A4 lakini vya michoro ya mistari, kanuni na grafu, na unasoma saa nyingi nje, angalia kifaa cha wino cha inchi 10.2 au 10.3: Kindle Scribe ya 2024, Kobo Elipsa 2E, au Boox Note Air3 C yenye rangi. Boox inatumia Android na Google Play, kwa hiyo unaweka programu unayotaka. Ni faida kubwa kwa PDF, ingawa betri inaisha mapema kuliko ya Kindle.

Vya inchi 7, yaani Kindle Paperwhite, Kindle Colorsoft na Kobo Libra Colour, ni vizuri sana kwa vitabu vya maneno vyenye picha za hapa na pale: wasifu, historia, safari. Kwa vitabu vinavyozungumziwa hapa ni kifaa cha pili, si cha kwanza.

Kuhusu bei, hizi ndizo zilizotangazwa Marekani wakati vinatoka: Paperwhite ya 2024 dola 160, Galaxy Tab A9+ na Libra Colour dola 220 kila kimoja, Colorsoft 280, iPad ya 2025 dola 349, Scribe ya 2024 dola 400. Huku ongeza usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Zitumie kupima kama bei unayotajiwa ni ya kweli: Galaxy Tab "mpya" inayouzwa nusu ya bei hiyo si mpya, au si Galaxy.

Jambo lingine la kuweka kwenye mizani ni matengenezo. Kioo cha kishikwambi cha Samsung kikipasuka, fundi simu wa mjini ataagiza kingine Dar na kukibadilisha. Kioo cha wino kikivunjika, gharama ya kukipata na kukifunga mara nyingi inakaribia bei ya kifaa. Tena huvunjika kwa ndani bila ufa kuonekana juu, kwa kubanwa tu kwenye begi lililosheheni. Kava ngumu kwa kifaa cha wino si anasa.

6. Hakikisha vitabu vitafika kwenye kifaa

Kwenye duka la Kindle, vitabu vingi vya picha vilivyogandishwa havifunguki kwenye Kindle za wino. Vinafunguka kwenye programu ya Kindle ya kishikwambi tu. Ukurasa wa kitabu una orodha ya vifaa vinavyokubalika, isome kabla ya kulipa. Pia pakua sampuli ya bure uifungue kwenye simu. Kama sampuli inaishia kwenye utangulizi bila picha hata moja, haijakuambia kitu.

Tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon imeondoa uwezo wa kupakua vitabu vilivyonunuliwa kwenda kompyuta na kuvihamisha kwa waya wa USB. Maana yake unahitaji intaneti kwenye kifaa chenyewe, au simu inayogawa bando. Faili zako binafsi bado unaweza kuzituma: kwa barua pepe mwisho ni MB 50, kwa tovuti ya Send to Kindle ni MB 200. Kitabu cha kuskani cha MB 300 kikate kwanza kwa sura, au kama ni PDF kinakili kwa waya.

Kobo haina mipaka hiyo kwa faili zako. Unachomeka waya, unanakili EPUB au PDF, umemaliza.

Kwa malipo, maduka haya yanataka Visa au Mastercard. Kadi ya mtandaoni ya benki au ya pesa za simu kwa kawaida inapita, mradi iwe imeruhusiwa kulipa nje. Vipo pia vya bure na vya halali. Biodiversity Heritage Library ina maelfu ya vitabu vya zamani vya wanyama na mimea vilivyoskaniwa na picha zake za rangi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inatoa miongozo ya kilimo kwa PDF. Vipakue ukiwa kwenye waifai ya chuo au ofisi. Faili moja ya vitabu hivi inaweza kumaliza bando la wiki.

7. Dukani

Nenda na faili zako tatu kwenye memori kadi au flashi yenye ncha ya USB-C. Muuzaji akikataa usizifungue, nenda duka linalofuata. Karibu na stendi hayakosekani, Arusha wala Moshi.

Fungua ukurasa ule ule uliotolea fotokopi. Kwenye kishikwambi unapaswa kuonekana kamili ndani ya sekunde mbili hivi. Ruka kurasa 50 mbele, rudi, kuza picha, subiri uone kama inakaza au inabaki na ukungu. Fungua ukurasa mweupe kabisa uangalie madoa na kona zenye giza. Inamisha kifaa pande zote: rangi zikigeuka, kioo ni duni.

Hifadhi ya uongo ndiyo ulaghai uliozoeleka. Vishikwambi vya majina yasiyojulikana vinaandikwa GB 512 na RAM GB 12, na hata kwenye mipangilio namba hizo zinaonekana, kwa sababu programu yake imechezewa. Ndani mna GB 32 au pungufu. Njia ya kumnasa ni kunakili faili nyingi kubwa zinazozidi GB 40 kisha kufungua zile za mwanzo na za mwisho. Hifadhi ya uongo hupokea zote, halafu nyingine hazifunguki. Dukani huna muda huo, kwa hiyo bei ndiyo dalili yako ya kwanza. Memori kadi bandia hudanganya kwa njia ile ile, na programu ya H2testw kwenye kompyuta huziumbua.

Kishikwambi chenye laini kina IMEI, yaani namba yake ya utambulisho. Piga *#06#, au iangalie kwenye mipangilio, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, ujibiwe ni cha chapa na modeli gani. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi, achana nacho. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016 na mfumo huo bado upo. Cha waifai pekee hakina IMEI.

Kwa kilichotumika, mambo yanayoua biashara ni kufuli. Mwambie muuzaji akirudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kisha ukiwashe mpaka mwisho kwa intaneti. iPad ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, au ikitangaza kwamba inasimamiwa na shule au kampuni, ni tofali. Android ikidai akaunti ya Google ya zamani, vivyo hivyo. Kindle iwe imeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe na wewe uisajili palepale kwa akaunti yako. Iliyoripotiwa kuibiwa itakataa. Na ukiuziwa kishikwambi cha Sensa ya 2022, vile vilivyokwenda kwa walimu baadaye, jua hiyo ni mali ya serikali.

Betri ya mtumba: ongeza mwanga hadi mwisho, cheza video dakika 15. Chaji ikishuka kwa asilimia 3 hadi 5, ni nzima. Ikishuka zaidi ya 7, panga bei ya betri mpya ndani ya bei. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, yenye namba ya kifaa.

8. Ukishafika nyumbani

Kwenye Android weka ReadEra au Librera kwa vitabu na Xodo kwa PDF za kuandikia pembeni. Tafuta sehemu ya kukata pembezoni kabla ya kitu kingine. Kwenye Kobo, KOReader inakata pembezoni vizuri zaidi kuliko programu iliyokuja nayo, na inaweza kusoma ukurasa wa safu mbili safu moja baada ya nyingine. Calibre kwenye kompyuta inapanga maktaba na kubadili aina za faili, lakini usiitumie kugeuza PDF ya picha kuwa EPUB. Matokeo yake ni picha zilizotawanyika na maneno yaliyokatika katikati.

Usibane faili ili zipungue. Tovuti za kubana PDF hupunguza pikseli za picha, na majina madogo kwenye ramani ndiyo yanayokufa kwanza. Vilevile mtu akikutumia kurasa kwa WhatsApp, atume kama dokumenti; zikija kama picha zinabanwa njiani.

Kitabu chenye picha upande mmoja na maelezo upande wa pili kisome kishikwambi kikiwa kimelala, kurasa mbili kwa pamoja. Kwenye inchi 11, kila ukurasa wa A5 unatoka kwa asilimia 70. Kama kurasa haziendani, yaani picha inakaa na maelezo ya ndege wengine, washa kipengele cha jalada kusimama peke yake, jozi zitajirekebisha.

Pawabenki ya mAh 10,000 ina takribani wati-saa 37, na baada ya upotevu unapata kama 25. Betri ya kishikwambi cha inchi 11 inabeba karibu 27, kwa hiyo pawabenki hiyo inakichaji mara moja pungufu kidogo; kifaa cha wino cha inchi 7 inakichaji zaidi ya mara tatu. Kwa safari ya siku tatu porini bila uhakika wa chaja ya gari, mwenye kishikwambi abebe ya 20,000. Tundu la USB-C liwekewe kizibo cha mpira wakati wa kiangazi, maana vumbi la barabara za mbugani likishagandamana humo waya hauingii mpaka mwisho. Litoe kwa kijiti cha meno cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa. Pini inakwaruza miguu ya chaji.